Moshi wa Lori ya Baba Benta

Kiuu, Ruiru
12 Mei 1996

Kwa shemeji yangu Jared,

Pokea salamu za kila mtu anayekula ugali katika nyumba hii. Benta yuko darasa la nane sasa na anajifungia na vitabu mpaka namwonea huruma. Mdogo wake ameota meno ya mbele, yamekuja yamepinda kama ya upande wenu. Mama alituma ujumbe kutoka Bungoma kwamba mahindi yamesimama vizuri, na anauliza kama huko Lokichogio kuna mtu anayekupikia au unakula vumbi tu. Nilimjibu unakula vyote viwili.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Lori imekataliwa. Ndugu yako aliipeleka ukaguzi Thika mwezi uliopita. Breki zilipita, taa zilipita, hata magurudumu niliyokuwa nikiyaogopa yalipita. Halafu mkaguzi akasema iwashwe. Shemeji, ikaanza kurukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, na kule nyuma moshi ukatoka mweusi, watu kwenye foleni wakaziba pua. Mkaguzi alisema, "Mzee, hii inamisi, na moshi huu siwezi kuupitisha. Nenda ukatibu injini kwanza, ndipo urudi."

Tangu hapo anabeba mawe kutoka machimbo ya Theta kwa njia za ndani tu, akikwepa polisi. Wenye machimbo wamesema wanamvumilia kidogo, kisha nafasi yake itapewa mwenye lori iliyopita ukaguzi. Wewe unajua nyumba hii inasimama juu ya lori hiyo. Fundi wetu hapa Ruiru, anaitwa Kang'ethe, anasema injini imezeeka, tuitupe. Baba Benta anasema ni petroli chafu. Mimi sijui nimwamini nani, ndiyo maana nakuandikia wewe unayeshinda chini ya malori.

Angeandika mwenyewe, lakini ana shughuli nyingi.

Shemeji yako,
Aketch


Lokichogio
3 Juni 1996

Shemeji Aketch,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa barua ilizunguka Kitale wiki mbili kabla rubani mmoja hajaibeba. Mimi ni mzima. Joto la huku linapika chai bila moto. Malori ya chakula cha msaada yanarudi kutoka Sudan yamevunjika kila mahali, nasi tunayaunga upya, na hivyo ndivyo siku zinavyokwisha. Mwambie Mama kuna mpishi, na anapika vizuri kuliko mimi.

Kuhusu lori, msitupe injini. Ina silinda sita. Ikimisi, maana yake mojawapo haifanyi kazi, na petroli yake inatoka bila kuungua vizuri, ndiyo moshi huo. Kazi ni kujua ni ipi. Mwambie Kang'ethe aiache ikinguruma pale pale, kisha achomoe waya wa plagi mmoja mmoja, akitumia kitambaa kikavu asipigwe na umeme. Akichomoa waya na mngurumo ukadhoofika, silinda hiyo ni nzima, arudishe. Akichomoa na mngurumo usibadilike hata kidogo, hiyo ndiyo iliyokufa. Hapo abadilishe plagi yake na ya jirani. Ugonjwa ukihama na plagi, nunueni plagi. Ukibaki pale pale, ajaribu waya vivyo hivyo.

Nijibuni pia haya. Maji ya rejeta yanapungua? Mafuta ya injini yana rangi gani? Je, kuna sauti ya kupuliza, tu-tu-tu, karibu na injini?

Na mwambie ndugu yangu aandike mwenyewe. Shughuli gani hizo zinazomzuia mtu kushika kalamu?

Jared


Kiuu, Ruiru
30 Juni 1996

Shemeji Jared,

Huku baridi imeingia. Asubuhi ni ukungu na manyunyu mpaka saa nne, watoto wanakwenda shule wamejifunga mashuka ndani ya sweta. Benta alikuwa wa tatu katika mtihani wa muhula. Mama anaendelea vizuri na magoti yake.

Tulifanya ulivyosema. Nilisimama pale gereji nikisoma barua yako kwa sauti na Kang'ethe akichomoa. Wa kwanza, mngurumo ukashuka. Wa pili, ukashuka. Wa tatu, haiya, hakuna kitu! Kama hakugusa. Kang'ethe alinitazama akasema, "Mama Benta, ndiyo hii." Alibadilisha plagi, ugonjwa ukabaki kwa namba tatu. Akabadilisha waya, ukabaki. Sasa anakwambia wewe useme, maana yeye amenyoosha mikono.

Maji hayapungui. Mafuta ni meusi lakini si kama maziwa. Sauti ya tu-tu-tu ipo, tena sana. Unakumbuka injini ya lori hii iko nyuma ya viti, ndani ya kichwa chenyewe anamokaa dereva. Baba Benta amesukuma magunia pale nyuma kuzuia kelele, na madirisha anayafunga kabisa kwa sababu ya baridi na vumbi la mawe.

Yeye hakuwepo gereji. Alikuwa amelala. Nami siku hizi nalala na Benta upande ule mwingine, kwa ajili ya baridi.

Aketch


Lokichogio
21 Julai 1996

Shemeji,

Hongera kwa Benta. Mwambie nimemwekea zawadi, sitaitaja.

Ikiwa si plagi na si waya, basi nadhani ni valvu ya namba tatu. Imeungua ukingo, haifungi, na silinda haiwezi kubana hewa. Kang'ethe atafute kipimo cha kubana, ajaribu zote sita. Ile ya tatu ikisoma chini sana, afungue kichwa cha injini, atoe valvu hiyo, aweke nyingine na kuisaga ikae sawa. Si kazi ya kutupa injini. Kabureta nayo isafishwe, maana moshi mweusi kiasi hicho si wa silinda moja tu.

Hayo ya injini yamekwisha. Sasa nakuuliza wewe. Uliandika kwamba ndugu yangu alikuwa amelala wakati fundi amefungua lori yake. Barasa ninayemjua hawezi kulala mtu mwingine akigusa lori yake. Alikuwa amelala saa ngapi? Kwa nini wewe ndiye unayesimama gereji? Kwa nini haniandikii? Ametoroka? Anakunywa? Niambie hata kama ni baya.

Jared


Kiuu, Ruiru
11 Agosti 1996

Shemeji Jared,

Sote tupo. Mama anakusalimu.

Kang'ethe alipima. Namba tatu inasoma karibu nusu ya wenzake. Ulisema kweli. Ametafuta valvu Thika nzima, sasa anangoja moja itoke Nairobi. Wakati huo lori inaendelea na kazi vivyo hivyo, maana nafasi yetu kule machimbo inaning'inia.

Nilikuwa nimeamua kuishia hapo. Nimekwenda nikapika, nikarudi, na maswali yako bado yako mezani.

Ndugu yako ni mgonjwa. Hanywi, hajatoroka. Asubuhi anaondoka mtu mzima, jioni anarudi anashika ukuta. Kichwa kinampasuka. Anatapika nyuma ya choo ili watoto wasimwone. Amekonda, mshipi ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Juzi alisimama mlangoni akaniuliza Benta anasoma shule gani, na aliyempeleka shule hiyo ni yeye. Alipoona uso wangu akaanza kucheka, akasema alikuwa anatania.

Jirani alikuja kuazima kiberiti, akakataa kukaa kwenye kiti cha ndugu yako. Unajua watu wanasema nini siku hizi dereva akikonda. Sitaliandika neno hilo. Nimehama kitanda, Jared. Nilimwambia ni baridi, kama nilivyokwambia wewe. Hakuniuliza kitu. Afadhali angeniuliza, afadhali angepiga kelele.

Nilimwomba twende hospitali. Alisema, "Nikienda wataniambia." Basi. Hiyo ndiyo sababu hakuandikii.

Leo ni Jumapili, na Jumapili ndiyo siku yake. Amekula mara mbili, ameimba kanisani, amembeba mtoto mabegani hadi nyumbani. Nikimwona hivyo napata tumaini, na kesho akirudi kutoka Theta linakufa tena. Hata Nzomo, mpakiaji aliyekuwa akikaa naye mbele, alimwacha. Alisema kazi hii inamuumiza kichwa, akarudi kwao Machakos. Nadhani alisikia maneno ya watu akaogopa.

Usiniulize tena. Nimeyasema yote.

Aketch


Lokichogio
24 Agosti 1996

Aketch, leo sisalimii mtu, nisamehe.

MZUIE ASIENDESHE LORI HIYO. Barua hii ikikukuta amekwenda kazini, mfuate Theta. Ikimkuta ndani ya gari, fungua milango yote miwili na umtoe nje kwenye hewa.

Nimesoma barua yako mara nyingi nikiwa nimekaa chini ya gari la watu. Mgonjwa siku za kazi, mzima Jumapili. Nzomo naye kichwa. Injini nyuma ya viti. Sauti ya tu-tu-tu uliyoniandikia tangu Juni, nami nikaipita mbio nikikimbilia valvu. Sauti hiyo ni moshi unaotoka pale bomba linaposhikana na injini, kabla haujafika nyuma ya gari. Unaingia kwenye kichwa cha lori, naye amefunga madirisha. Ndani ya moshi wa petroli kuna hewa isiyo na rangi wala harufu. Inamlaza mtu polepole.

Kuna jambo sikuwaambia. Mwaka jana madereva wawili huku walilala ndani ya gari, injini ikiwaka, mvua ikinyesha. Asubuhi mimi ndiye niliyefungua mlango. Mmoja aliamka. Kabla ya siku hiyo yule mwingine alikuwa akilalamika kichwa na kutapika, sote tukasema ni malaria.

Sisemi kwamba hana ugonjwa mwingine. Mimi si daktari. Nasema lori hii inatosha kumuua yenyewe.

Namtafuta rubani wa kuibeba leo. Hakuna simu inayofanya kazi. Nijibu, hata neno moja.

Jared


Kiuu, Ruiru
30 Agosti 1996

Shemeji Jared,

Sijapata barua yako tangu ile ya Julai, na sijui kama yangu ilikufikia. Usiogope, tuko hai sote.

Jumanne Baba Benta aliamua kuirudisha lori ukaguzi. Valvu haijapatikana, ila Kang'ethe alikuwa amesafisha kabureta na moshi umepungua kidogo, akasema tujaribu bahati. Nikasema nakwenda naye. Nilimwambia nataka kununua vitambaa Thika. Ukweli ni kwamba niliogopa asahau maneno mbele ya wakaguzi. Kulikuwa na manyunyu. Aliiwasha mapema ili ipate moto, akakaa ndani madirisha yamefungwa, nami nikawa nafunga nyumba na kumwelekeza Benta mambo ya uji. Nilipopanda alikuwa tayari kimya. Nikadhani ni hofu ya ukaguzi.

Tulipopita Ruiru mjini nilisikia kichwa kinanibana hapa kwenye paji. Karibu na Juja tumbo likaanza kupanda. Nikamwambia, "Baba Benta, simama, natapika." Hakunijibu. Nikamgusa bega. Mikono ilikuwa kwenye usukani na macho yamefunguka, lakini hakuwa ananiona. Lori ikaanza kwenda upande wa mtaro polepole, kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Niliitikisa mikono yake, nikapiga kelele jina lake la utotoni, lile Mama humwita. Mguu wake ukatoka kwenye mafuta. Ikaruka mara mbili, ikazima ndani ya nyasi, gurudumu la mbele mtaroni.

Nilifungua mlango nikaanguka chini, nikatapika. Nikazunguka upande wake nikamvuta. Jared, ndugu yako hata akikonda ni mzito. Nilimlaza kwenye nyasi, mvua ikimpiga usoni. Nikakaa na kichwa chake mapajani. Na pale ndipo nilipofahamu, hakuna aliyeniambia. Kichwa changu kilikuwa kinauma kama kile anachonisimulia. Tumbo langu lilikuwa kama lake. Mimi niliyeamka mzima! Ugonjwa ule ninaouogopa hauwezi kumshika mtu kati ya Kiuu na Juja kwa kukaa kwenye kiti. Nikaanza kucheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mzigo wa kuni alisimama akatutazama, nadhani alidhani tumelewa. Nikamwambia, "Mama, ni lori! Ni lori!" Akasema kwa Kikuyu kitu nisichokielewa, akatua mzigo, akaenda kusimamisha gari barabarani.

Tulipelekwa hospitali Thika. Daktari aliuliza tulikuwa wapi, nikamweleza injini iko nyuma ya viti, na kwamba sote wawili tumeugua asubuhi moja. Hakungoja nimalize. Alimvisha kifaa cha hewa puani na mdomoni, akasema ni sumu ya moshi. Wamemlaza siku kadhaa na kumpima mambo mengi. Mengine nilimwomba yeye mwenyewe akubali, na alikubali kwa kichwa tu, akiwa ameelekea ukutani. Majibu yalikuja jana. Hana. Mimi pia nilipimwa. Sina.

Nilimwambia. Alinishika mkono mpaka muuguzi akaja kunifukuza.

Sasa lori iko kwa Kang'ethe na hakuna atakayeipanda. Tuambie la kufanya.

Aketch


Lokichogio
15 Septemba 1996

Kwa shemeji yangu, na kwa ndugu yangu Barasa aliye hai,

Barua zetu zilipishana njiani. Kwa wiki hizo zote nimekuwa nikikimbilia kila ndege inayotua, marubani wakaanza kunikwepa. Niliandaa maneno ya kumwambia Mama. Niliyaandaa, Aketch, kwa lugha yetu, moja baada ya jingine. Juzi mtu mmoja wa Kitale alinipa barua yako. Niliifungua kutoka mwisho ili nione jina lako kwanza, kisha nikatafuta jina lake. Wenzangu walinikuta nimekaa kwenye gurudumu la akiba nalia, wakaondoka taratibu.

Nimepewa ruhusa. Nakuja mwenyewe na vifaa vyangu. Kang'ethe asifunge hata skrubu moja kabla sijafika, na mumwambie simdharau, nataka tu kukiona kilichotaka kumla ndugu yangu.

Jared


Kiuu, Ruiru
20 Oktoba 1996

Shemeji Jared,

Tangu uondoke nyumba imekuwa kimya sana. Mtoto anakutafuta chini ya kila gari analoliona. Benta anaanza mtihani wake mkuu wiki zijazo, na zawadi yako, ile saa, haivui hata akioga. Kang'ethe anawasimulia wateja wote jinsi mlivyofungua kichwa cha injini mkabadilisha valvu na bomba lililopasuka, na kila akisimulia ule ufa unazidi kuwa mrefu. Nzomo amejibu kutoka Machakos. Kichwa kiliacha kumuuma tangu afike kwao, na anauliza kama kazi bado ipo. Daktari amesema Baba Benta bado atasahau vitu vidogo kwa muda, lakini mwili unarudi. Anakula kama mtu wa mavuno.

Alhamisi tulikwenda Thika. Sote wawili, kioo cha kila upande chini, ingawa ulituhakikishia. Mimi nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango njia nzima. Pale tulipoangukia alipunguza mwendo.

Mkaguzi ni yule yule. Alipima breki, akatazama taa, kisha akasema iwashwe. Nikafumba macho. Jared, ilinguruma kama mtu anayesoma Biblia kwa sauti ya chini, bila kuruka hata neno. Mkaguzi alizunguka nyuma, akaweka kiganja chake kwenye bomba, akakinusa, akakitazama. Kisha akamwita Baba Benta.

"Mzee, gari yako imepita."

Ndugu yako alishuka. Nilidhani anakwenda kuchukua cheti. Badala yake akakaa juu ya ukingo wa saruji, mbele ya foleni nzima ya madereva, akaanza kulia, mabega yakitikisika. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba yenu. Mkaguzi alishangaa, akamwinamia.

"Mzee, nimekwambia imepita. Unalia nini?"

Akasema, "Kwa sababu nitazeeka."

Dereva mmoja kwenye foleni alianza kucheka, mwenzake akamnyamazisha. Mkaguzi alikaa kando ya ndugu yako pale pale kwenye saruji, na sare yake safi, mpaka alipomaliza kulia.

Wako,
Aketch, Mama Benta